Nyevu na Mwiko wa Mbeyu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya kunong'ona? Nani kawakaba koo? Paukwa!

PAKAWA!

Hapo sawa. Zamani hasa, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, nchi ilipatwa na njaa. Siku hizo, mzazi asiye na chakula alimpeleka mtoto akalelewe kwa mwenye chakula. Mama mmoja akamshika mkono binti yake, Nyevu, akampeleka kwa Mbeyu, mwanamke aliyekuwa na chakula. Akamwambia, "Nilelee mwanangu. Mvua ikinyesha nitamfuata." Akaondoka akilia.

Na desturi ilikuwa hivi: mtoto akiingia nyumba, kwa kuzaliwa au kwa kuletwa, mama mwenye nyumba huchovya mwiko kwenye chungu, akamlambisha mbele ya watu. Akishaulamba, ni mtoto wa nyumba, basi.

Nyevu akapiga magoti. "Mama, nilambishe mwiko."

Mbeyu akasema, "Wewe ni wa kuja. Kaa huko!" Akaulamba mwiko mwenyewe.

"Mwenyewe, Bibi?"

Mwenyewe, mjukuu wangu Chizi! Ukakauka kabisa. Nyevu akapewa ukoko. Akatwanga, akachota maji, akatafuta kuni. Watu wakiuliza, huyu nani? Mbeyu hujibu, "Wa kuja."

Mbeyu akajifungua mtoto wa kike, Kache. Siku ya kumtoa nje, uji ukapikwa, watu wakakaa. Mbeyu akachovya mwiko ili amlambishe Kache. Akauonja kwanza. Lo, mtamu! Akaonja tena, akaonja tena, mpaka mwiko ukawa mkavu. "Huyu atapata kesho," akasema.

"Akapata kesho?"

Wapi! Kesho ile haikufika. Kache akawa mtoto wa mgongoni kwa Nyevu. Nyevu anatwanga, Kache mgongoni. Nyevu anapata ukoko, anautafuna, anamlisha Kache.

Nyevu akapiga magoti tena. "Mama, basi tulambishe sote wawili."

"Wewe ni wa kuja. Kaa huko!"

Jua likazidi kuwaka, visima vikakauka, kikabaki kisima cha Zimwi. Mbeyu akaenda kuomba maji. Zimwi likamwambia, "Chota. Lakini mawingu yakirudi nitakuja kumla mtoto wa nyumba yako, aliyelamba mwiko wako. Mtoto wa watu simli, hunikwama kooni."

Mbeyu akacheka moyoni, akasema, "Njoo tu." Mnajua alikuwa na nani akilini?

"Nyevu!"

Nyevu. Mawingu yakarudi, Zimwi likaja, ardhi ikitetemeka. Mbeyu akamvuta Nyevu kwa mkono. "Mwanangu kipenzi huyu hapa!"

Nyevu akauchomoa mkono wake. Akasimama wima, Kache mgongoni. Safari hii hakupiga magoti.

"Leo mimi mwanao? Jana wa kuja, leo kipenzi? Sitaki! Zimwi, uliza vyombo vya nyumba hii."

Zimwi likauliza, "Kinu, huyu ni mtoto wa nyumba?"

Kinu kikasema, "Mimi namjua kwa kutwanga tu. Akila, simwoni."

"Mtungi, je?"

"Ananijaza kila siku, na kunywa anakunywa mwisho."

"Mwiko, sema wewe."

Mwiko ukasema, "Hajanilamba. Na huyo mgongoni hajanilamba. Tangu nichongwe, anayenilamba ni mmoja tu."

"Nani?"

Haya, watoto, nani?

"MBEYU!"

Zimwi likamgeukia Mbeyu, likampima kwa macho. "Mkubwa kidogo, lakini atafaa."

Weee! Mbeyu akatoka mbio, kanga huku, yeye kule. "Nyevu mwanangu, niokoe!" Nyevu akaenda zake jikoni. Msininunie, ndivyo ilivyokuwa. Zimwi likamfuata, na sikuambiwa kama lilimkamata. Huruma yangu niliimaliza kwenye ule ukoko.

Nyevu akasonga ugali kwenye chungu kile kile. Akachovya mwiko, akamlambisha Kache, akaulamba na yeye. Zimwi likarudi, likachungulia mlangoni. "Hao sasa wamelamba!"

Nyevu akalinyooshea mwiko puani. "Wamelamba kwa mkono wa Nyevu. Wewe na Nyevu mliahidiana nini?"

Zimwi likafikiri, likakuna tumbo. "Hatukuahidiana kitu."

"Basi ondoka mlangoni kwangu, chakula kinapoa!"

Likaondoka. Mvua ikanyesha, na mama yake Nyevu akaja mbio, matope mpaka magotini, kama alivyoahidi. Akamkumbatia binti yake. Wakashika njia, Kache mgongoni.

Walipofika nyumbani, mama akabandika chungu. Nyevu akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Mama, huyu ni wa kuja."

Mama hakuuliza wa nani. Akachovya mwiko, akamlambisha Kache kwanza, kisha Nyevu.

Basi nisikilizeni. Mtoto akiletwa kwenu, mlisheni kwanza, maswali baadaye. Na wewe uliyeletwa, ukiitwa wa kuja, usiinamishe kichwa. Mimi niliitwa hivyo miaka mingi, na leo chungu hiki ni changu.

Hadithi yangu imefika jikoni, imeketi. Leteni mwiko. Luganje, wewe uliyeletwa juzi, sogea hapa mbele. Unaanza wewe.