Mbawakawa wa Ighesho Apewe Jina la Nani

Sogeeni hapa, wakubwa kwa wadogo, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Leo sikuleta hadithi ya kubembelezea watoto. Nimeleta kesi. Imenishinda mimi mwenyewe, na sitaki ilale kwangu.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Wawuda, mama wa milima ya Taita, ambaye mikono yake ilijua kutafuta. Kazi yake ilikuwa kuchekecha majani yaliyooza chini ya miti: unayatia kwenye chekeche, unatikisa, kinachoanguka unakitundika katika mfuko wa wavu, na wadudu wanashuka wenyewe hadi kwenye kichupa cha spiriti. Wengine walichekecha siku nzima wakaambulia siafu. Wawuda alishika konzi ya majani, akayanusa, akasema, "Hapa wamo." Na kweli wamo.

Wa pili ni Mwadime, wa chumba cha wadudu katika makumbusho fulani mjini. Huyu alijaliwa vidole visivyotetemeka. Mpe mdudu wa ukubwa wa punje ya ufuta, atamfungua kwa sindano chini ya hadubini asimvunje hata ukucha.

Wa tatu ni Daktari Mghoi. Kwa umri ni binti wa juzi tu, lakini kalamu yake, jamani! Akimweleza mdudu kwa maandishi, hata mtu ambaye hajawahi kumwona atamtambua siku watakayokutana.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Mradi wa kuchunguza wadudu ulifika Ighesho, kipande cha msitu kilichobaki juu ya mashamba. Siku ya mwisho ukungu ulishuka, mvua ikaanza, na mkuu wa mradi akapiga honi: vitu garini, tuondoke. Wawuda akasema haondoki. "Lile gogo la kule bondeni sijaligusa."

"Mama, na mvua hii?"

"Mvua hii ni ya kwetu, tunajuana. Nyinyi nendeni."

Wakaenda. Akabaki na chekeche lake, na baada ya siku tatu akateremka mlima kwa miguu, kichupa kifuani. Ndani mlikuwa na mbawakawa saba, weusi, wadogo, wasioweza kuruka.

Kule mjini mkuu aliwachungulia mara moja tu. "Hawa ni wale wale wa milima ya jirani. Watie kwenye chupa ya wa kawaida." Mwadime akasema hawatii, mabega yao yanamtia shaka. Sasa, mbawakawa wa namna hii hutawajua kwa rangi wala kwa ukubwa. Wanajulikana kwa kile kiungo cha dume ambacho mtu mwenye adabu hakitaji mbele ya mama mkwe. Na kati ya wale saba, dume alikuwa mmoja tu. Sindano ikiteleza, kwisha habari yake. Mwadime akafunga mlango, akazima simu, akashusha pumzi, akamfungua. Kiungo kilikuwa na ndoano, na ndoano ilipinda kushoto, wakati ya wale wa jirani hupinda kulia. Akaipiga meza kofi. "Wa kawaida, eti!"

Mghoi akaketi akaandika. Jarida likamrudishia: huenda ni yule yule, tofauti ni ndogo mno. Akaazima mbawakawa wa zamani kutoka Ulaya, akasoma maelezo yao ya Kijerumani huku kamusi iko pajani, akapima miguu na vipapasio, akachora, akatuma upya. Likarudi tena: tafuta mtaalamu wa nje akushike mkono. Akajibu kwa mstari mmoja tu: "Nionyesheni kosa lilipo." Walitafuta wiki sita, hawakuliona. Wakakubali kwamba mdudu huyu ni mpya duniani, na kilichobaki ni kumpa jina.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Wawuda aliitwa mjini ashuhudie. Mwadime akamkalisha mbele ya hadubini, na mama wa watu akamwona mbawakawa wake akimeta kama kiatu kilichopigwa rangi. Akatabasamu. Kisha akasoma kikaratasi kilichochomwa pini chini ya mdudu: mahali, tarehe, mwinuko, na jina la aliyemkusanya. Lilikuwa jina la mkuu wa mradi.

"Kaka Mwadime, huyu ndiye aliyebaki mvuani?"

Mwadime akatazama chini. "Ni desturi ya chumba hiki, dada. Anaandikwa kiongozi wa safari. Niliandika kwa mazoea, sikufikiri."

"Basi kitoe."

"Kikaratasi cha kwanza hakitolewi kamwe. Hata kikiwa na kosa, kinabaki. Naweza kukuongezea cha pili chini yake."

"Chini tena!" Wawuda akasimama. "Miaka kumi na tisa nawachekechea. Kila kitabu kinasema 'wenyeji walisaidia'. Wenyeji! Kwani mama yangu aliniita Wenyeji? Mdudu huyu atachukua jina langu. Sibembelezi, nawaambia."

Kabla hajajibiwa, mkuu akaingia na jina mkononi. Mbawakawa, alisema, ataitwa kwa heshima ya mgeni mtukufu aliyeufadhili mradi. Mgeni mwenyewe aliwahi kufika Ighesho mara moja, akakanyaga tope, akarudi garini kufuta viatu.

Mghoi akavuta karatasi zake kifuani. "Basi jarida siwatumii. Nitawaandikia leo hii kwamba nimeliondoa andiko."

Mwadime akageuza ufunguo kwenye droo ya yule dume, akautia mfukoni.

Wawuda akasema, "Na huyo mgeni aje anionyeshe gogo lenyewe liko wapi. Mimi sikumbuki tena."

Mkuu akawatazama mmoja mmoja, akaona hapa hapenyi. "Haya, mwiteni mtakavyo! Lakini mhariri wa jarida anataka jina la mtu mmoja tu, naye anafunga saa kumi. Likichelewa, andiko linasubiri mwaka mzima." Akabamiza mlango.

Walishangilia, wakapigana viganja. Kisha wakakumbuka kwamba wako watatu.

Mwadime ndiye aliyeanza, na aliona haya. "Dada, nilikukosea, nakiri. Lakini macho yangu yameishia kwenye hadubini hii. Huyu ndiye wa mwisho niliyeweza kumfungua. Nimewafungulia watu wadudu mia nne, na hakuna hata mmoja anayeitwa Mwadime. Nisingekataa, angekuwa ndani ya chupa ya wa kawaida hadi leo."

"Na mimi je?" akasema Mghoi. "Desturi inasema mwandishi hampi mdudu jina lake mwenyewe. Waliotunga desturi hiyo walikuwa wameshaandikwa kwenye vipepeo, vyura na milima yetu, tena wakiitana wao kwa wao! Mimi nani aniite? Wataniita mwenye majivuno. Na waniite."

"Lakini mwanangu," akasema Wawuda, "si jina lako, kama mwandishi, litamfuata mdudu huyu kila atakapotajwa?"

"Litafuata, mama. Kwa herufi ndogo, na la mkuu likitangulia, maana kiongozi huandikwa kwanza."

Wawuda alimpenda binti huyu, tena alimhurumia Mwadime, na hilo ndilo lililomuumiza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na haki na hakuna aliyekuwa akidanganya. Hata hivyo hakurudi nyuma. Akaweka kidole kwenye karatasi ya Mghoi, pale palipoachwa nafasi tupu ya jina. "Nisikieni. Mkiniandika hapa, mniandike kwa sababu nilimpata. Mkinihurumia, sitaki. Na kama mnaona ni la mmoja wenu, mniambie machoni, nami nitaenda zangu nikiwa na hasira, lakini nitaenda."

Mghoi akaishika kalamu, lakini hakuandika.

Sasa nawageukia nyinyi mliokaa kimya kama hamumo. Toa mmoja yeyote kati ya hao watatu, mbawakawa yule anarudi kuwa takataka za msituni. Msiniambie wayaunganishe majina yote, mhariri amekataa. Msiniambie aitwe Ighesho, maana msitu haukubaki mvuani, wala haukupofuka, wala haukurudishiwa maandishi. Na wewe unayecheka pale, usiniambie jina ni kitu kidogo. Lako ulipewa bure kabla hujafanya lolote, na hadi leo mtu akilikosea unanuna.

Saa tisa na nusu imefika, nafasi bado iko tupu, na Wawuda hajaondoa kidole. Kalamu ninakupa wewe. Unaandika jina la nani, na hao wawili wengine utawatazamaje?