Jinsi Nanaa na Kisibiti Vilivyoachana Harufu

Nyie mnaojidai na vyeti vyenu, sogeeni mjifunze bure. Hapo kale nanaa, jani la chai, na kisibiti, mbegu ya kutiwa kwenye mkate, vilikuwa na harufu moja, tena iliyovurugika, haijui kama iko kwenye chai au kwenye mkate.

Harufu hiyo ilikuwa kazi ya fundi Shaba, jitu jekundu lenye mikono miwili ya nguvu sawasawa. Alichukua vijinyororo visivyoonekana kwa jicho, akavifunga kichwa kwa mkia vikawa pete, akazimimina kwenye majani na mbegu. Nusu ya pete zilijipinda kulia, nusu kushoto. Shaba hakujali. Pete si pete tu?

Mpaka mkewe Kibibi aliposhika mimba. Kila alichonusa kilimtapisha. Mwezi wa tatu hata maji hayakukaa tumboni, na Shaba, na ubabe wake wote, akaanza kuogopa kuwakosa mama na mtoto.

"Harufu zako zinagombana, bwana wee," Kibibi alimwambia. "Nitengenezee moja tu."

Shaba, mjuaji, akakaa kuzigeuza pete za kushoto ziwe za kulia. Akazipindua juu chini, nyuma mbele, jasho linamtoka. Kibibi akacheka, na nguvu zenyewe hana.

"Hivyo ni kama viatu, mume wangu. Cha kushoto kipindue utakavyo, mguu wa kulia hauingii."

"Sasa nifanyeje?"

"Ngoja nikuegemee kwanza. Kichwa kinanizunguka."

Akalala kwenye bega lake la kushoto. Shaba hakuthubutu hata kulitikisa. Akafunga pete kwa mkono wa kulia tu, upande uliobaki wazi, na kila pete ikatoka imejipinda kulia. Hata moja haikukosea. Akazimimina kwenye nanaa. Kibibi akanusa, akanywa kikombe kizima cha chai yake, kikatulia tumboni.

"Niongeze," akasema.

Jitu zima likalia machozi.

Kesho yake Kibibi akaegemea bega la kulia. Zikatoka za kushoto tupu, zikaenda kwenye kisibiti, na mkate ukalika. Maelfu kwa maelfu Shaba alizifunga, na mwenyewe hakupungua hata chembe.

Na tangu siku hiyo nanaa ni nanaa, kisibiti ni kisibiti, ingawa pete zao zinafanana kama mtu na sura yake kiooni. Shaba naye, ukimwacha peke yake, hadi leo hufunga ovyo, nusu huku nusu kule. Anayetaka pete za upande mmoja humtafutia kwanza wa kumwegemea.