Kiungo cha Fundi Eliamini

"Kiungo kilichopozwa kwa maji hakizuii maji." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo binti yake, anayetaka kuolewa haraka na kijana ambaye hata kwao bado hajapajua, nanyi mmeniuliza usemi huo umetoka wapi. Ulizaliwa kwetu, milimani Upare, na ulianza hivi.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea aitwaye Eliamini, aliyemwoa Nakijwa, binti wa Mzee Mrutu. Kijiji kilipoamua kuvuta maji kutoka chemchemi, Mzee Mrutu ndiye aliyeongoza kamati, na kazi ya mabomba akampa mkwewe. Wengine walinung'unika. "Huyu namdhamini mimi," akawaambia.

Viungo vya mabomba vilichongwa kutoka kwenye ekseli za malori, chuma kigumu sana. Chuma cha namna hiyo kina hasira: ukikichomelea kikiwa baridi, au ukikipoza ghafla, hupasuka. Eliamini alilijua hilo. Kila kiungo alikipasha moto kwanza, akakichomelea, kisha akakifukia katika majivu makavu kipoe polepole.

Siku ya kufungua maji ilifika kiungo kimoja kikiwa bado. Ngoma zilikwisha kuanza na wageni walikuwa wameketi. Eliamini alikichomelea haraka haraka, akanyanyua ndoo ya maji. Nakijwa, aliyekuwa amemletea majivu, akamshika mkono.

"Baba Elinazi, hayo ni maji!"

"Watu wananingoja, mke wangu. Kwa nje nani atajua?"

Akamwaga. Mvuke ulipotawanyika, kiungo kilionekana kizuri, hakina hata alama. Maji yakafunguliwa, yakafika, akina mama wakapiga vigelegele, na Eliamini akakalishwa kando ya baba mkwe wake.

Walikuwa katikati ya kula bomba lilipolia kama bunduki. Kiungo kilikuwa kimepasuka. Maji yaliporomoka na udongo, yakapita katika shamba la maharage la Bibi Namkunda, mjane asiye na mtoto, wala hayakubakiza shina.

"Mwanangu, imekuwaje?" aliuliza Mzee Mrutu.

"Chuma kilikuwa kibovu, baba."

Mzee alisimama taratibu. Akavua kofia, akamwendea Bibi Namkunda mbele ya watu wote.

"Dada yangu, nisamehe. Chuma kile nilikichagua mimi kwa mikono yangu."

Nakijwa alimtazama mumewe mara moja tu, kisha akainamisha uso. Eliamini akaweka tonge chini, akainuka.

"Baba, vaa kofia yako," alisema. "Chuma kilikuwa kizima. Nimekimwagia maji mimi, kwa kuwahi sifa. Kisha nimekudanganya."

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Waliinuka mmoja mmoja, wakaenda zao. Mzee Mrutu alitangulia, kofia bado mkononi.

Kesho yake Eliamini alichomelea upya, akafukia kiungo majivuni, akakaa juani kukilinda hadi kikapoa chenyewe. Kisha akachukua jembe, akaenda kulima shamba la Bibi Namkunda. Bibi alimwacha alime, lakini salamu yake hakuiitikia.

Maji yalifika, na watu wakasahau. Yeye hakusahau. Katika mikutano alikaa nyuma, karibu na mlango. Na kila alipoona watu wanaharakisha jambo ili wasifiwe, aliinuka, akasema bila kumtazama mtu usoni: "Ndugu zangu, kiungo kilichopozwa kwa maji hakizuii maji."