Watatu Walipanda, Wanne Wakashuka

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya karatasi na muhuri, kulikuwa na mlima ukiitwa Kirweni. Kupanda Kirweni kulihitaji kibali. Kupata kibali kulihitaji barua. Kupata barua kulihitaji picha mbili, na mpiga picha alikuwa akija Alhamisi tu, tena akijisikia. Msinicheke mimi. Wachekeni waliozitunga hizo taratibu.

Sheria za mlima zilikuwa arobaini na moja. Zilibandikwa kwenye ubao pale getini, na nyingine zilibandikwa nyuma ya ubao kwa sababu mbele palikuwa pamejaa. Sizisemi zote, tutakesha. Shikeni tatu tu. Ya kwanza, idadi iliyoingia ndiyo itakayotoka. Ya pili, kilichoanzia mlimani kibaki mlimani, iwe jiwe, iwe ua, iwe yai la ndege. Ya tatu, geti linafungwa saa kumi na mbili jioni, na ikifika siku ya mwisho kabla ya masika, likifungwa limefungwa, mpaka miezi mitatu ipite.

Mlinzi wa sheria hizo alikuwa karani wa geti, Tumsifueli. Huyu bwana alikaa getini miaka ishirini na miwili hajawahi kupindisha hata nukta. Mama mkwe wake mwenyewe alikuja siku moja kutafuta kuni, akamrudisha kwa kukosa picha ya pili. Nyumbani alinuniwa mwaka mzima, lakini hakujuta. Alibakiza miezi saba astaafu, apewe nishani ya karani asiye na doa, na ukutani kwake msumari wa kuitundikia ulishapigwa.

Sasa basi, siku tatu kabla ya masika, watu watatu walifika getini kwenda kufunga kibanda cha juu wanakolala wapandaji. Mmoja alikuwa Mzee Ndesario, kiongozi mwenye beji. Wa pili alikuwa Kaaya, mpagazi, mtu wa maneno machache na mgongo mpana. Wa tatu alikuwa Aikande, mpishi mkuu wa kibanda. Kila mwaka mpishi mkuu hupanda mwenyewe kufunga jiko lake, na asiyefunga jiko lake hulikuta lina mwenyewe mwingine masika yakiisha.

Aikande alikuwa na mimba ya miezi minane. Alivaa koti la mumewe Ombeni, lile kubwa la mvua, akasimama mbele ya karani akiwa amebana pumzi.

"Mzima?" Karani akauliza, kama fomu inavyouliza.

"Mzima," Aikande akajibu. Fomu haikuuliza zaidi, naye hakuongeza.

Karani akaandika watatu. Akapiga muhuri. Hatua kumi nyuma ya geti kuna kijito, na kijito hicho ndicho mpaka wa mlima. Aikande akayatazama yale maji ya baridi, akawaza atavukaje na tumbo lile. Kaaya akatua mzigo wake. Akainama, akampakia mgongoni, akamvusha, akamshusha ng'ambo. Mzee Ndesario akajifanya anafunga kamba za viatu.

Mnajua yaliyofuata. Walifika kibandani, Aikande akahesabu masufuria, akafunika unga, na siku ya pili adhuhuri, ameshika ufunguo wa stoo mkononi, uchungu ukamkamata. Mzee Ndesario akachemsha maji mengi kuliko yaliyohitajika. Kaaya akatoa kitabu cha sheria akatafuta palipoandikwa kuzaa, akakosa, akakitumia kuwashia moto. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mdogo, analia kwa sauti nyembamba. Aikande akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamgusa miguu, akaona ya baridi, na kicheko kikakatika. Baridi ya Kirweni haikuwa ya kumlaza mtoto aliyezaliwa kwa mimba ya miezi minane. Ilibidi ashuke, afike zahanati ya bondeni, tena kesho yake, kabla geti halijafungwa.

Wakashuka polepole, mvua ya manyunyu mgongoni. Saa kumi na moja jioni wakafika getini. Karani Tumsifueli akafungua daftari, akawahesabu kwa kalamu.

"Mmoja, wawili, watatu." Kalamu ikasimama juu ya koti. "Na huyo?"

"Mwanangu," Aikande akasema.

"Mama, waliingia watatu. Wanne hawatoki."

"Sasa nifanyeje, Bwana Karani?"

Karani akafikiri kwa nia njema kabisa. "Wewe utoke, yeye abaki."

"Abaki anyonyeshwe na nani? Na mlima?"

Karani akapekua ubao mbele, akapekua nyuma, akasoma sheria moja baada ya nyingine kwa sauti, maana alipenda mambo yawe wazi. Dakika zikaenda. Mtoto akaacha kulia, na Aikande alipomfunua usoni akaona midomo imeanza kupauka. Akasema kwa sauti ambayo wote watatu waliisikia, "Jamani, sina cha kuwapa. Lakini atakayemtoa mwanangu kwenye geti hili, mtoto atachukua jina lake. Jina moja, la huyo mtu, na wala sitageuka."

Mnajua uzito wa jina. Mzee Ndesario alikuwa na mabinti saba na wote walishazaa, wala hakuna mjukuu aliyepewa jina lake, kwa sababu kila mkwe alikuwa na baba yake. Kaaya alikuwa peke yake kwao, hana ndugu hata mmoja aliyebaki. Karani hakujaliwa mtoto.

Mzee Ndesario akawa wa kwanza. "Karani, sheria inasema idadi au inasema majina?"

"Inasema idadi."

"Na kiongozi mwenye beji anaruhusiwa kulala kibanda cha juu?"

"Wakati wowote. Sheria ya kumi na tisa."

Mzee akarudi nyuma hatua kumi, akavuka kijito, akasimama ng'ambo kwenye mvua. "Basi wahesabu tena."

Karani akahesabu, wakawa watatu. Lakini mnaelewa alichofanya yule mzee? Geti likifungwa, yeye yuko ndani miezi mitatu, peke yake, na magunia ya unga bila mboga.

Karani akainua muhuri, kisha akaushusha. "Kuna lingine. Huyu mtoto ameanzia mlimani. Kilichoanzia mlimani kibaki mlimani."

Ndipo Kaaya, yule asiyesema, akasema. "Hakuanzia mlimani. Alianzia kijijini, miezi minane iliyopita, Ombeni ni shahidi. Alipanda kama sisi tulivyopanda."

"Kama alipanda, basi kuna mtu alimwingiza bila kibali. Anayevusha mpaka mtu asiyeandikwa hunyang'anywa beji, hapandi tena maisha yake." Karani akamgeukia Aikande, na usoni alionekana hapendi anachotaka kusema.

"Si yeye," Kaaya akasema. "Yeye mpaka hakuuvuka kwa miguu yake. Nilimvusha mimi, mgongoni."

"Hukujua."

"Nilijua. Miaka kumi na minne nabeba mizigo, uzito wa watu wawili nashindwa kuujua?"

Akaivua beji yake, ile aliyokuwa akiing'arisha kwa mkaa kila Jumapili, akaiweka juu ya daftari. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Karani akaichukua kwa mikono miwili. Akaandika, akakausha wino, akafunga daftari, akashika kitasa cha geti, na bila kutaka macho yake yakaenda kwenye saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na dakika tano. Masharti yote yalikuwa yametimia, isipokuwa siku ilikuwa imekwisha.

Aikande hakumwomba. Alimtazama tu, mtoto amebanwa kifuani, na karani alimtazama mtoto. Halafu Tumsifueli akavuta kigoda, akapanda juu yake, akafungua kioo cha saa na kwa kidole chake mwenyewe akarudisha mshale nyuma dakika kumi. Akashuka, akafungua geti.

"Kimbia, mama," akasema.

Aikande akakimbia. Na karani, mtu wa sheria, mnadhani alikaa kimya? Alirudi kwenye daftari akaandika kwa mwandiko mzuri: "Leo mimi Tumsifueli nimerudisha saa nyuma dakika kumi, kinyume cha sheria ya thelathini na tatu." Akatia sahihi. Akajipigia muhuri. Hakuna mkubwa wake aliyemwona, angenyamaza tu yangeisha, lakini hakuweza. Wiki iliyofuata ikaja barua kwamba nishani hakuna.

Mtoto alifika zahanati akapona. Akanenepa. Ila jina hakupata, kwa sababu mwenye dai mmoja alikuwa mlimani anakula ugali mkavu, na Aikande alisema hatoi jina mpaka wote watatu wawepo. Ombeni akamwambia, "Ahadi uliitoa wewe, timiza, mimi sikuzuii." Kwa miezi mitatu mtoto akaitwa Huyu. Huyu ameamka. Huyu anataka kunyonya.

Masika yakaisha, geti likafunguliwa. Mzee Ndesario akashuka, suruali imefungwa kwa kamba, hataki hata kusikia neno unga. Wakakaa wote kwenye benchi la getini, Aikande katikati na mtoto mapajani.

"Jina ni langu," akasema Mzee Ndesario. "Bila mimi kuvuka kile kijito, idadi isingetimia. Huyu Kaaya angezungumza na nani? Karani angerudisha saa kwa ajili ya nani? Miezi mitatu nimekaa pale pamoja na panya, na panya wenyewe waliondoka."

"Mzee, shikamoo, lakini ulikaa bure," akasema Kaaya. "Nilipothibitisha kwamba mtoto alipanda, tuliingia wanne. Wanne wangetoka wanne, na wewe ungelala kwako. Tena wewe utarudi kazini kesho. Mimi beji sina na sitapata nyingine."

"Daftari liliandikwa watatu, na daftari halifutwi," akasema karani. "Mzee hakukaa bure. Lakini nyinyi wote wawili mlimfikisha mtoto kwenye geti lililofungwa. Aliyelifungua ni mimi. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia maishani, nikakitoa."

"Saa ilipita kwa sababu ulikuwa unasoma ubao," akasema Mzee Ndesario.

"Na ubao usingesomwa kama kiongozi angekataa kupandisha mwenye mimba," akajibu karani. "Wewe ulikuwa unafunga viatu."

"Viatu vyenyewe havina kamba," akasema Kaaya, na hata Mzee akacheka.

Aikande akawatazama mmoja mmoja. Aliwapenda wote, na jambo hilo ndilo lililomuumiza, kwa sababu wawili kati yao wangeondoka pale mikono mitupu, na kosa la kwanza lilikuwa lake, aliyesema "mzima" akabana pumzi. Akafungua mdomo kutaja jina, akaufunga.

Msiniambie apewe majina matatu. Ahadi ilikuwa jina moja, na cheti cha kuzaliwa cha siku zile kilikuwa na kisanduku kimoja, kidogo. Wala msiniambie apewe la babu yake, babu hakuwepo getini. Ukimwondoa mzee, mtoto yuko mlimani. Ukimwondoa mpagazi, mtoto yuko mlimani. Ukimwondoa karani, mtoto yuko mlimani, na mvua inanyesha. Mama kanyamaza, mtoto anawatazama nyinyi.

Haya, semeni: huyu Huyu aitwe nani?