Radhi Iliyorudi Bila Sauti

Wallahi, wabillahi, watallahi! Nikitia chumvi hata punje, ulimi huu udondoke hapa mkekani muuokote nyinyi! Mimi shule sikuingia hata kwa dirisha, lakini mambo ya simu wenye digrii wanakuja kuniuliza mimi.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kutengeneza apu za simu. Fundi! Simu iliyokufa ikisikia viatu vyake mlangoni inawaka yenyewe. Mama yake alikuwa mgonjwa hoi, na dada yake yuko Maskati. Mama na binti walikuwa hawasemezani tangu binti aolewe kwa siri. Basi mama akamwita kijana.

"Mwanangu, nataka kumpa dada yako radhi. Kuongea naye sitaweza, nitalia. Nirekodi, umtumie kama watu wanavyotumiana."

Fundi akacheka. "Kama watu? Mama, mimi ndio watu? Radhi yako naitengenezea apu yake. Kasha la peke yake, lina jina, lina picha yako, lina sauti yako. Dada akija analifungua mwenyewe."

Sasa nisikilizeni. Simu inajua kuhifadhi jina, picha inaijua. Lakini kitu ulichokibuni mwenyewe haikijui. Lazima uifundishe kukifungua vipande na kuvihifadhi, halafu uifundishe kuviunga tena. Si ndivyo mnavyohama na kitanda? Chaga ukiziacha kule, huku utalalia nini? Yule bwana akaiandikia simu: hifadhi jina, hifadhi picha. Sauti akaisahau.

Na hakujua, kwa sababu apu iliyo wazi inakumbuka kila kitu. Mama akasema maneno yake, akasikilizishwa, akatabasamu. Kisha akauliza, "Ukizima ukawasha, nitakuwemo?"

"Ah, mama! Huniamini mimi?"

"Nakuamini, baba'ngu. Zima tu, nisikie."

"Wewe pumzika, mama."

Hakuzima. Jamani, haukupita hata muda wa kumeza funda la maji! Mama akafa. Siku ya maziko watu walijaa, kichwa cha msafara kiko makaburini Tanga, mkia uko Korogwe. Simu ya fundi ikaisha chaji mfukoni mwa kanzu yake, ikazima.

Dada akafika, udongo wa kaburi bado mbichi. Kaka akachomeka simu, akaiwasha, akampa kwa mikono miwili. Kasha likafunguka. Jina lipo: Radhi ya Mwanangu. Picha ipo, mama na kanga yake kichwani. Dada akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akaigandamiza sikioni mpaka sikio likawa jekundu. Kimya.

"Alikusamehe," kaka akasema. "Nilikuwepo. Alisema..."

"Hiyo sauti yako, kaka. Ya mama iko wapi?"

Haya, ajibu nini? Nyinyi mngejibu nini? Waje mafundi wa dunia nzima wajipange mpaka baharini: kisichofungashwa hakifunguliwi!

Ndugu zangu, na sisi je? Jina la Kiislamu tunalo. Picha ya Hija ipo ukutani, kubwa kuliko mlango. Maadamu pumzi ipo na apu iko wazi, tunajiona tumekamilika. Nani kati yetu amewahi kujizima akajiwasha, aone kinachorudi? Siku tutakapoungwa upya mifupa kwa mifupa, tukibonyezwa, kutasikika nini? Naogopa, jamani. Naogopa kutasikika kimya. Ningekuwa na faraja leo ningewapa, sina. Nendeni tu kwa mliowanunia, wasikie kwa masikio yao mngali mnapumua.

Na nawaombeni, habari hii iishie kwenye mikeka hii. Msimhadithie mtu, hata mkeo. Maana mdomo wa mtu nao ni ile apu ile ile. Ikitoka hapa, kule mtaani litafika jina tu: yule binti ambaye mama yake amekufa bila kumpa radhi.

Na alimpa.