Ngoma ya Vibuyu

Waliohudhuria baraza la kiangazi katika Bonde la Kikwembe walikuwa hawa: Simba, mtawala wa bonde, Fisi, mshauri wake, Ndovu, ambaye wengine humwita Tembo, mkuu wa kituo cha zimamoto, Nyani na mkewe, Ngiri, Sungura, na mwisho Bi Kobe, aliyefika baraza likiwa limekwisha kuanza.

Nyasi zilikuwa zimekauka hata zikawa zinavunjika zikikanyagwa. Hata hivyo Fisi alisimama akasema, "Mtukufu, kituo hiki cha zimamoto ni cha nini? Tangu masika ya mwaka juzi hatujaona hata cheche. Ndovu kazi yake kulala. Tena wageni wanauliza, mfalme gani huyu anayeogopa moto?"

Simba alitikisa manyoya ya shingo. "Mimi naogopa moto?"

"Wanasema wao, si mimi. Kifunge tu. Lile banda lake nitakubanikia nyama humo."

Bi Kobe alichomoza kichwa. "Mayai yangu nimeyafukia mchangani, nyuma ya banda hilo. Moto ukija nyinyi mtakimbia. Mimi je? Na wanangu je?"

"Anza kukimbia leo, bibi," alisema Fisi, na baraza zima likacheka. Kituo kikafungwa. Ndovu akaambiwa ahamie ng'ambo ya mto.

Sungura hakucheka. Alimwendea Simba, akamwinamia. "Mtukufu, goma la kituo na vibuyu vyake vitaliwa na mchwa. Nipe, nikutungie ngoma ya kukusifu."

"Kunisifu mimi peke yangu?"

"Jina lako tu, mwanzo hadi mwisho."

Basi kila jioni wanyama walijipanga mstari kutoka bwawani mpaka nyuma ya banda. Goma likilia, kibuyu kilichojaa kilipokewa kwa mkono wa kulia, kitupu kikarudishwa kwa wa kushoto, huku wakiimba, "Simba! Simba!" Wa mwisho alimwaga maji kwenye nyasi zilizozunguka mchanga wa Bi Kobe.

"Kwa nini viwe na maji?" aliuliza Nyani, mgongo ukimuuma.

"Utamchezea mfalme na kibuyu kitupu?" alijibu Sungura. "Huna adabu!"

Fisi aliwatazama kutoka mlangoni, mdomo ukimng'aa mafuta. "Wapumbavu! Kiangazi chote hiki wanamwagilia nyasi!"

Nyama ya kubanika hutaka moto mdogo na subira. Fisi hakuwa na subira. Siku moja alasiri, akidondokwa na mate, alirundika kuni zote kwa mara moja. Ndimi za moto zikashika paa la makuti, upepo ukazisukuma nje.

"Moto! Jamani, moto!"

Sungura alirukia goma, akalipiga.

"We Sungura, huu ni wakati wa ngoma?" alifoka Fisi.

"Ndio wenyewe, mjomba. Shika kibuyu!"

Fisi hakushika. Alirudi mbio bandani kuokoa nyama. Wengine walisikia goma, na miguu ikajua pa kusimama. Vibuyu vikaanza kupita. Hata Simba alijikuta mstarini, kati ya Ngiri na mke wa Nyani.

"Mkono wa kulia, Mtukufu! Wa kulia!" mke wa Nyani alimkaripia.

"Sawa, mama, sawa," alisema Simba, akabadilisha mkono.

Banda liliteketea. Lakini moto ulipofika kwenye nyasi mbichi ulisita, na vibuyu vikaumaliza. Bi Kobe aliugusa mchanga kwa shavu lake. "Baridi," alisema, akalia kwa furaha.

Simba alipangusa masizi puani. "Mnaona faida ya ngoma yangu? Mwiteni Ndovu arudi. Kituo kimefunguliwa."

"Hekima yako haina mfano, Mtukufu," alisema Sungura, akijitahidi asicheke.

Fisi alikuwa ameketi kando, mkia umeungua, akimeza minofu pamoja na makaa yake.

"Pumua kwanza, mwanangu," alisema Bi Kobe. "Hayo ni makaa."

"Yana chumvi," alijibu Fisi, akavuta paja jingine.

Bi Kobe alitikisa kichwa. "Tamaa mbele, mauti nyuma."

Ndovu alirudi Ijumaa, akapokewa kwa ngoma. Mayai yalianguliwa Jumapili. Fisi alikufa Jumatatu, kwa kuvimbiwa.