Kifaru Aliyetaka Kuiona Majabalini Yote

Ngano, ngano.

— Ipite, mlango uko wazi.

Ina vumbi miguuni.

— Na ipanguse, ikae.

Haya, imekaa. Nanyi kaeni, tena msiniulize maswali katikati, maana ngano hii hunichosha kabla sijaimaliza.

Palikuwa na nchi ikiitwa Majabalini, juu mlimani, imezungukwa na miamba pande zote. Njia ya kuingilia ilikuwa moja tu, pengo kati ya mawe mawili. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na maporomoko ya maji, ilikuwa na chemchemi ya maji moto, ilikuwa na magofu ya mji wa kale ambao walioujenga hawakumbukwi hata majina. Wageni walitoka mbali kuja kutazama. Digidigi alikuja, akatazama, akasema ahsante, akaenda zake. Kanga walikuja kundi zima, wakatazama, wakasema ahsante, wakaenda zao.

Aliyewatembeza wageni alikuwa Pimbi mmoja, Bi Sikitu. Pimbi mnamjua, mnyama mdogo kama sungura aliyekatwa masikio, mkia hana, lakini nyayo zake hunata kwenye jiwe, hupanda ukuta kama mjusi.

Siku moja, gu, gu, gu, akaja Kifaru.

"Wewe ndiye mwenyeji?"

"Ndimi, bwana mkubwa. Karibu Majabalini."

"Nasikia mna vitu vizuri vya kutazama. Nionyeshe kilicho bora."

Bi Sikitu akampeleka kwenye maporomoko. Sasa, Kifaru macho yake hayaoni mbali. Hatua ishirini mbele yake, kwake yeye ni ukungu mtupu. Akasimama, akaielekeza pembe kwenye mkuyu.

"Kweli ni marefu," akasema.

"Huo ni mti, bwana. Maporomoko yako kushoto kwako."

"Nimeyaona. Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Mazuri. Kuanzia leo ni yangu."

Akageuka, akainua mkia, pu, pu, pu, akaacha lundo la mavi katikati ya njia. Kwa kina Kifaru hiyo ndiyo hati. Penye mavi yake hapaingii mwingine, na anayeingia hukutana na pembe.

"Bwana mkubwa," akasema Bi Sikitu, "hapo ndipo tunapokunywa maji."

"Mtakunywa kwingine. Nionyeshe kilicho bora zaidi."

Bi Sikitu akavuta pumzi, akampeleka kwenye chemchemi ya maji moto. Hapo ndipo wazee wa kipimbi walipokuwa wakikanda viungo vyao. Kifaru akajitosa, chubwiii, nusu ya maji ikaruka nje, na Bibi Mafunda, nyanya yake Bi Sikitu, akaruka nayo.

"Ni hii tu?" akauliza Kifaru.

"Ni hiyo."

"Nzuri. Kuanzia leo ni yangu."

Pu, pu, pu.

Bibi Mafunda alikuwa amekaa juu ya jiwe, maji yanamchuruzika. "Sikitu, huyu ni nani?"

"Mgeni, bibi."

"Ataondoka lini?"

"Akishaona."

"Haoni. Nilikuwa mbele ya pua yake akanikalia. Tutamngoja mpaka aone?"

Bi Sikitu akamsaidia bibi yake kushuka jiweni. Siku ya tatu alimwambia Kifaru kwamba vitu vya kutazama vimekwisha. Kifaru akanusa upepo, gu, gu, gu, akayafuata magofu mwenyewe kwa pua. Akaliegemea lango la mji wa kale ajikune, na jiwe lililokaa pale tangu enzi za wafalme likaporomoka.

"Kumbe ni bovu," akasema. "Ni haya tu? Mazuri. Kuanzia leo ni yangu."

Pu, pu, pu.

Na humo kwenye nyufa za kuta ndimo walimokuwa wakiishi pimbi wote. Wakatolewa nje, mama na watoto, wakabaki juani bila pa kujificha. Tai akawaona. Akazunguka juu, fyuu, fyuu, na siku ya pili akashuka akamchukua Kombo, binamu yake Bi Sikitu, aliyekuwa mnene na mzito wa kukimbia. Bi Sikitu akakaa chini. Hakulia mbele za watu. Alikaa akilitazama lile jiwe lililoanguka mpaka jua likahama upande, kisha akainuka, akawanong'oneza wenzake neno, akaenda kwa Kifaru.

"Bwana mkubwa, umeona vitatu. Lakini kilicho bora kuliko vyote hujakiona."

"Mbona ulinificha?"

"Nilidhani hutakiweza. Ni Majabalini yenyewe, nzima, kwa mtazamo mmoja. Anayeiona yote kwa pamoja, yote huwa yake. Hana haja ya kuhangaika na mavi kila kona."

Masikio ya Kifaru yakazunguka. "Inaonekana kutoka wapi?"

"Kutoka bondeni, nje ya miamba. Aliye ndani ya nyumba haoni paa."

"Hilo ni kweli," akasema Kifaru.

Bi Sikitu akamchukua mpaka ukingoni, penye mteremko mrefu wa changarawe. Yeye akashuka kwa nyayo zake zinazonata, tipu, tipu, tipu. Kifaru akatia mguu mmoja, burururururu, bwata. Akajikuta bondeni amekaa kitako, vumbi mpaka ndani ya masikio.

"Geuka sasa, bwana. Unaiona?"

Kifaru akageuka. Akaona ukungu. Juu ukungu, chini ukungu.

"Naiona."

"Na yule pundamilia wa mawe, juu ya lango?"

"Huyo ndiye niliyemwona kwanza kabisa."

Hapakuwa na pundamilia wa mawe.

"Basi nchi ni yako yote," akasema Bi Sikitu. "Ila usiyabandue macho. Ukiyaondoa tu, imekutoka."

Akapanda, tipu, tipu, tipu. Kule juu wenzake mia walikuwa wameshaliziba pengo kwa mawe, wakaacha tundu la kupita digidigi. Kisha wakazoa mavi siku mbili nzima, na Bibi Mafunda akiwasimamia, akisema kila baada ya muda kwamba zamani wageni walileta zawadi.

Kifaru alijaribu kupanda mara tatu. Mara tatu, burururururu, bwata. Baada ya hapo alisema hakutaka kupanda, yeye anatazama. Yupo hadi leo, amekodoa macho kwenye ukungu, kwani akiondoka, nchi yake ataitazama nani?

Nanyi mnadhani Bi Sikitu alipumzika? Wageni wanaokuja siku hizi hawana habari na maporomoko. Wanayapita wanatembea. "Kushoto kwenu ni maporomoko," anawaambia. "Sawa, sawa," wanasema, "Kifaru yuko wapi?" Wanajipanga ukingoni, wanamtazama Kifaru anayetazama, naye anasikia minong'ono yao, anaitikia kwa kichwa, anajua ni raia wake wamekuja kumwamkia. Wakishamaliza wanamuuliza Bi Sikitu kama hawezi kumwambia asogee kidogo, jua linawapiga machoni.

Hapo ngano imenishusha, nami siidai nauli ya kurudi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nina kuku nyumbani.

Funzo lake ni hili: mgeni mwenye nguvu mheshimu, wala usimdanganye kamwe, kwa maana njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Sikitu ilikuwa fupi kweli. Aliteremka, akapanda, akafika kwake.